Kadi ya kliniki iliyolowa: mdogo wangu alivyoingia shindano la hadithi fupi la jarida la huku kwetu kanda ya ziwa

Mi nina steshenari hapa Mwanza, kazi yangu kuchapa, kuprinti, kutoa kopi, kulaminisha vyeti, na miaka yote hii nimewachapia watu barua za kazi na ripoti za chuo ila hadithi nimechapa chache sana. Kwa hiyo mdogo wangu (mtoto wa mama mdogo, ni nesi kwenye zahanati moja kule kisiwani Ukerewe) aliponitumia voisi noti ya dakika nne, dada shikamoo, nimeona tangazo la shindano la hadithi, ninayo moja kwenye kaunta buku, naomba unichapie unitumie, nikajua ni kazi ya nusu saa. Ilituchukua wiki tatu kuituma, halafu miezi mitano na zaidi kusubiri. Naandika kisa chote maana kila mara anakuja mtu dukani ananiuliza haya mashindano madogo yana faida yoyote au ndo kuliwa hela, na mi jibu langu nimelipata kwenye hadithi hii moja.

Jarida lenyewe silitaji jina. Ni dogo, la kanda, linatoka mara mbili kwa mwaka hela ikipatikana, lina mashairi, hadithi fupi na simulizi za wazee, Kiswahili na Kiingereza humo humo. Tangazo lilisema hivi: hadithi isizidi maneno 1,500, iwe haijawahi kuchapishwa popote, jina la mwandishi lisionekane ndani ya faili, ada sh. 5,000 kwa simu, mshindi wa kwanza anapata sh. 300,000 na watatu wa juu wanachapwa, matokeo ndani ya miezi mitatu, mwisho wa kutuma tarehe 15 saa 6:00 usiku. Na chini kabisa kwa herufi ndogo: kazi zote zitakazopokelewa zitakuwa mali ya jarida. Karibu kila kipengele hapo kilikuja kutusumbua.

Nianze na hela maana ndo watu wanaanzia hapo. Kuna tuzo kubwa na zinajulikana, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu mshindi wa kwanza alipewa milioni 10, kuna ile ya Safal-Cornell ambayo ilianza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell na zawadi zake jumla zilikuwa dola 15,000, lakini hizo unapeleka muswada mzima wa kitabu, nesi mwenye kurasa chache za kaunta buku hana cha kupeleka kule. Kwa hadithi fupi kuna ya Jumuiya ya Madola, hiyo haina ada kabisa na wanapokea Kiswahili, ila wanataka maneno kuanzia 2,000 mpaka 5,000 na unashindana na dunia nzima. Kwa hiyo jarida dogo ndo mlango uliokuwa karibu. Nikapiga hesabu: zawadi ya laki tatu ukigawa kwa 5,000 ni watu 60. Jarida la huku likipata hadithi 60 limefanikiwa sana, na hapo hujalipa karatasi, majaji wala nauli ya mtu. Biashara haipo hapo. Nikamwambia lipa. Ingekuwa ada ni elfu 30 na zawadi ni "cheti na kutangazwa", ningemwambia aache.

Kabla hajalipa nikamfanyisha jambo moja, na hili nalisema kwa nguvu zote: tulitafuta toleo lililopita tukalisoma. Nakala nilipata kwa muuza magazeti, moja tu ilikuwa imebaki, nikampigia picha kurasa kwa simu nikamtumia, bando likaisha mara mbili. Tulichokiona ni kwamba hadithi zao ni za eneo moja, siku moja, watu wawili watatu, hakuna hata moja iliyoanza mtu akiwa mtoto ikaisha ameshazeeka. Hilo kwenye tangazo hawakuliandika, lakini kwenye jarida lipo wazi kabisa. Ya mdogo wangu kwa bahati ilikuwa ya asubuhi moja pale zahanati. Angekuwa na ile nyingine yake ya ukoo mzima ningemwambia asubiri shindano jingine.

Halafu ule mstari wa herufi ndogo. Yeye hakuuona, mi niliuona kwa sababu nachapa mikataba ya wapangaji na nimezoea kusoma chini. "Mali ya jarida" maana yake ukishatuma, hata usiposhinda, hadithi si yako tena, wanaweza kuichapa, kuitafsiri, kumpa mtu wa filamu, na wewe ukitaka kuiweka kwenye kitabu chako unaomba ruhusa. Kwa sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kazi ni yako toka umeiandika, huhitaji kuisajili ndo iwe yako, na inabaki kulindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Sasa mtu anakuja kuichukua yote hiyo halafu wewe ndo unamlipa elfu tano! Nilimuandikia mhariri meseji ya adabu tu, habari za kazi, tunapenda kushiriki ila tunaomba ufafanuzi wa kipengele cha mwisho, je mnamaanisha mtakuwa na haki ya kuchapa mara ya kwanza kwa zile zitakazoshinda, au hadithi zote moja kwa moja? Akakaa siku mbili. Akajibu vizuri mno, akasema tangazo walilitoa kwa mfano wa tangazo jingine na hicho kipengele hawakukitafakari, na kesho yake wakakibadilisha hadharani: jarida litakuwa na haki ya kuchapa kwa mara ya kwanza hadithi tatu zilizoshinda, haki nyingine zote zinabaki kwa mwandishi. Meseji moja tu. Watu wengi wanaogopa kuuliza wakidhani wataonekana wakorofi na majina yao yatakatwa, lakini huyu mhariri ni mtu anayefanya hii kazi jioni akitoka kibaruani kwake, hakuwa na nia mbaya hata kidogo, alihitaji mtu wa kumwonyesha.

Hadithi sasa.

Ilikuja kama picha kumi na nne za kaunta buku, mwandiko wa nesi, baadhi ya maneno nilimpigia simu anisomee. Nilipomaliza kuchapa kompyuta ikasema maneno 2,140. Mwanzo wake ulikuwa hivi: "Jua lilikuwa linachomoza kwa madaha upande wa mashariki, huku ndege wakiimba kwa furaha matawini, na upepo mwanana wa ziwa ukiwapapasa wakazi wa kisiwa kile." Hapo sote tunapajua, ndo tulivyofundishwa shule, insha ikianza na jua mwalimu anaweka vema. Likafuata bibi anatoa methali, ikafuata ndoto, halafu ukurasa wa tatu katikati, kama kitu kisicho na umuhimu, kuna sentensi: "Kadi ya kliniki ilikuwa imelowa upande wa jina."

Niliposoma hiyo niliacha kuchapa. Mama amekuja kwa mtumbwi kutoka kisiwa kidogo, kamleta mtoto chanjo ya surua ya miezi tisa, maji yameingia kwenye mtumbwi, kadi imelowa, wino wa jina umetawanyika umekuwa doa la bluu, ila tarehe za wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne zinasomeka. Nesi anatoa kadi mpya anauliza, mtoto anaitwa nani? Mama anakaa kimya. Anauliza tena. Kumbe mtoto amepewa jina la mjomba wake aliyekufa majini, na toka wamepanda ule mtumbwi ukaanza kuyumba mama ameapa hatalitamka hilo jina mpaka wafike nchi kavu nyumbani. Ndo hadithi yote. Nesi na kalamu, mama na mtoto, foleni nyuma inalalamika.

Nikampigia. Nikamwambia hadithi yako inaanzia kwenye kadi, ya kabla ya hapo yote toa. Alikasirika kwa kweli. Akasema dada wewe ni wa kuchapa tu, yale maneno ya mwanzo ndo nilikaa nayo siku nzima. Siku mbili hakunitafuta. Nilimuelewa, mtu kalala saa nane ya usiku akitoka zamu ili apate hilo jua na hao ndege. Baadae akanitumia meseji fupi, "anzia kwenye kadi", nikaanzia hapo, maneno 430 yakaondoka kwa mkupuo mmoja.

Bado yalibaki mengi. Na hapa nataka kusema kitu kuhusu hii 1,500, maana nimesikia watu wanalalamika kwamba ni ndogo. Kiswahili kinabana sana. Neno "hatutawaambia" kompyuta inahesabu moja, Kiingereza pale kinahitaji maneno matano. Jarida liliweka 1,500 kwa lugha zote mbili, kwa hiyo sisi tunaoandika Kiswahili tumepewa nafasi pana kuliko wenzetu, hatuna sababu ya kulia. Tatizo ni kwamba na jaji naye anasoma kurasa nyingi zaidi kwa idadi ile ile, kwa hiyo pakiwa na mafuta anayasikia.

Sehemu iliyotoka kwa shida zaidi ilikuwa ya ajali. Mwezi Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na kisiwa cha Ukara, walikufa watu zaidi ya 200, na kule visiwani huwezi kukaa kwenye foleni ya zahanati ukakosa mtu aliyempoteza ndugu. Mdogo wangu alikuwa ameandika aya nzima, tarehe, idadi, viongozi waliokuja, kama taarifa ya habari. Tuliizungusha ile aya jioni nne. Mi nilitaka ibaki ili watu wasisahau, yeye ndo akasema hapana dada, huyu mama asingeongea hivyo, watu wa kule hawasemi tarehe wala jina la kivuko, wanasema "Septemba ile" na mtu anaelewa. Ikabaki hivyo, mama anasema "toka Septemba ile sijapanda cha injini". Maneno sita yamebeba kila kitu. Hilo ni lake peke yake, mi ningeliharibu.

Tuligombana pia kwenye Kikerewe. Kuna sehemu mama anamnong'oneza mtoto kwa Kikerewe, maneno machache, na mdogo wangu hakuyatafsiri. Nikamwambia jaji akiwa Msukuma au mtu wa Dar atapotea, weka maana kwenye mabano au toa. Akakataa katakata. Akasema nesi wa kwenye hadithi ni mgeni kisiwani, naye hajaelewa, msomaji akae alipokaa nesi. Nilimwachia, kwa shingo upande.

Na nilimuuliza jambo moja muhimu, huyu mama yupo? Maana nesi ana siri za watu. Akasema ni wamama watatu wa miaka tofauti amewaunganisha, kisiwa amebadilisha, mtoto alikuwa wa kike amemfanya wa kiume. Nikaridhika. Mtu wa hospitali, mwalimu, polisi, mkiandika kubuni fanyeni hivyo hivyo, kule visiwani watu wanajuana kwa mtumbwi.

Kuhusu "haijawahi kuchapishwa popote" tulishtuka kidogo, kwa sababu mwaka juzi aliwahi kuweka kipande kwenye grupu la WhatsApp la wauguzi. Nikauliza tena kwa mhariri (sasa tumezoeana), akasema grupu la watu wanaojuana hawahesabu, ila ukiweka wazi Facebook ambako yeyote anasoma, kwao hiyo imeshachapishwa. Majarida mengine yanahesabu hata grupu, kwa hiyo uliza kila mahali upya. Mi nimeacha kabisa kuwashauri watu waweke hadithi mitandaoni "kupima upepo", mpe mtu mmoja asome, inatosha.

Ikaja siku ya kutuma. Tangazo: tarehe 15 saa 6:00 usiku. Sisi tukaelewa ni usiku wa kulala tarehe 15, kwa hiyo tukapanga tarehe 15 jioni akishuka zamu apitie mara ya mwisho ndo nitume. Saa 12 jioni nafungua linki, fomu imefungwa. Nilihisi mwili umeisha nguvu. Aliyetengeneza fomu aliweka 00:00 tarehe 15, na kompyuta inajua hiyo ni ule usiku wa 14 kuamkia 15, yaani walifunga kabla tarehe 15 yenyewe haijaanza kupambazuka. Bibi yetu mzaa mama, aliyekulia pwani, angekuelewesha vingine kabisa, kwake siku inaanza jua likizama, ukimwambia usiku wa Ijumaa anajua ni Alhamisi baada ya magharibi. Yaani mstari mmoja wa tangazo una hesabu tatu za siku ndani yake, na kila mtu anasoma ya kwake akiwa na uhakika.

Nilipiga picha ya skrini ya tangazo, nikapiga ya fomu iliyofungwa ikionyesha saa, nikamuandikia mhariri bila kulaumu: tangazo limesema saa 6 usiku tarehe 15, sasa hivi ni saa 12 jioni tarehe 15, fomu imefungwa, tunaomba mwongozo. Kumbe tulikuwa wengi. Saa mbili usiku wakaifungua tena kwa watu wote mpaka kuamkia 16. Nawaomba wanaoandaa haya mambo, andikeni "Jumatano tarehe 15, saa 5:59 usiku", dakika moja kabla, hakuna wa kubishana. Na anayeshiriki atume siku mbili kabla, hata sisi tulikuwa na hadithi iliyokamilika toka tarehe 12, tulikuwa tunaichezea koma tu.

Faili nusura lituangushe na lenyewe. Jina lisionekane, sawa, juu tulilitoa. Lakini nikakumbuka faili la Word linabeba taarifa zake kwa ndani, nikafungua sehemu ya sifa za faili, pale kwenye mwandishi kuna jina la duka langu, na jina la faili lenyewe lilikuwa "hadithi ya" halafu jina lake la kwanza. Na chini ya ukurasa wa mwisho yeye kwa mkono wake alikuwa ameandika mwandishi ni muuguzi wa zahanati fulani. Jaji angejua moja kwa moja. Nikafuta vyote, nikaliita faili kwa kichwa cha hadithi tu, nikatuma. Maneno 1,462. Kitu kingine, mwanzo alikuwa amejaribu kuchapa mwenyewe kwa simu na simu ilikuwa inamrekebishia maneno kwa Kiingereza, kila "hapo" inageuka neno jingine, ukichapia kwenye simu zima hiyo kitu kabla hujaanza.

Halafu kimya. Miezi mitatu ikapita hakuna kitu. Wa nne hakuna kitu. Mdogo wangu alikuwa ananipigia kila Jumapili, mwishoni akaacha kuuliza, na hiyo iliniuma kuliko alipokuwa anauliza. Nilimkumbusha mzee wao wa hapo hapo Ukerewe, Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe 1945, akazunguka nayo miaka na miaka hakuna wa kuichapa kwa lugha ile, ikabidi aigeuze mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka 1980 na Tanzania Publishing House, naye akafariki 1981 nakala zikiwa hazijamfikia mkononi. Miaka 35. Nilidhani namtia moyo, akaniambia dada hiyo habari inanitia hofu. Ana haki. Mtu akisema miezi mitatu aseme hata meseji moja mwezi wa tatu, "tumechelewa, tunaomba mtuvumilie", hiyo haihitaji bajeti. Hapa jarida lilikosea na nilikuja kumwambia mhariri hivyo hivyo. Akasema jaji mmoja aliugua. Basi ungetuambia, nikamjibu, tungemuombea.

Matokeo yalikuja mwezi wa sita wa kusubiri ukianza. Hakushinda. Aliingia orodha fupi ya kumi, tatu za juu hakuwepo. Aliponipigia alikuwa analia, akasema amefanya ujinga, elfu tano angenunua sukari. Nilifunga duka mapema siku hiyo, maongezi yetu yakawa marefu.

Lakini siku nne baadae ikaja barua pepe ambayo hatukuitegemea, nusu ukurasa, maoni ya majaji wawili, wametuma kwa wote kumi. Hii ndo nataka mtu aielewe. Wa kwanza alisema mwanzo umemshika toka sentensi ya kwanza, doa la bluu, na kwamba yale maneno ya Kikerewe yasiyotafsiriwa ndo sehemu iliyomfanya aisome hadithi mara ya pili. Kile nilichotaka akitoe! Nilimwambia mdogo wangu pale pale kwamba mi nilikosea na yeye alikuwa sahihi. Wa pili alikuwa mkali zaidi, na mi naona ndo alimsaidia zaidi. Alisema hadithi inaisha mara mbili. Nesi anaandika kwenye kadi mpya "Mtoto wa" na jina la mama, anapiga sindano, mama anatoka na mtoto analia, basi, hapo imeisha. Halafu mwandishi ameongeza aya ya nesi akitafakari dirishani kuhusu majonzi na umuhimu wa kuheshimu mila za watu. Jaji aliandika kwamba aya ile inamfundisha msomaji kitu ambacho ameshakiona kwa macho yake.

Tulikaa na hiyo barua. Ile aya tuliisoma kwa sauti kwenye simu, yeye kule na mi huku, na tukiifikia unasikia kabisa sauti inabadilika inakuwa ya mtu anayehutubia. Sisi wawili tulipunguza maneno karibu 700 na hatukuiona, kwa sababu mwisho wa insha shuleni lazima uwe na funzo, kama vile mwanzo lazima uwe na jua. Mwanzo tuliutoa, mwisho tukauacha. Mtu asiyetujua ndo akauona. Mimi nampenda mdogo wangu na siwezi kuwa mtu asiyemjua hata nikijitahidi, na nani mwingine kule angemsomea hadithi yake na kalamu mkononi, akamuandikia nusu ukurasa? Elfu tano ilinunua hiyo nusu ukurasa, na kwa bei hiyo ningelipa tena kesho.

Akaiondoa. Yakabaki maneno 1,380. Akamtumia mhariri meseji ya kuwashukuru majaji, akaambatanisha hadithi ilivyo sasa, hakuomba kitu. Mhariri akamjibu kwamba toleo lijalo wana nafasi, nje ya shindano, malipo hawana ila atapata nakala tano.

Hapo tukapata mtihani mpya. Ikichapwa na jarida, haiwezi tena kwenda kwenye shindano lolote linalotaka kazi isiyochapishwa, ikiwemo ile ya Jumuiya ya Madola ambayo mi nilikuwa naipigia hesabu kimoyomoyo. Ningeweza kumwambia aitunze, aongeze maneno 620 afike 2,000, ajaribu kule kwenye hela za nje. Nikamuuliza, utaongeza nini? Akakaa, akasema dada hii haina pa kuongeza, nikiongeza nitarudisha yale tuliyoyatoa. Na akasema anataka isomwe na watu wa huku kwanza, watu ambao ukiandika "Septemba ile" hawaulizi Septemba gani. Akawapa jarida. Mi nilikubaliana naye siku hiyo na nakubaliana naye mpaka leo, ila sisemi kila mtu afanye hivyo, mwenye shida ya hela ya ada ya mtoto anaweza kuamua vingine na asilaumiwe.

Kabla hawajachapa aliuliza kwa maandishi kama haki inabaki kwake baada ya toleo kutoka, mhariri akajibu ndiyo, jibu tumelitunza. Safari hii aliuliza mwenyewe, sikumkumbusha.

Toleo lilitoka likiwa na makosa mawili ya chapa kwenye hadithi yake, "sindano" wameiandika "shindano" sehemu moja, iliniuma maana faili letu lilikuwa safi. Nakala tano zilipanda meli ya Nansio, bandari ya kule Ukerewe, na kijana wa mizigo. Moja kampa mama mdogo, mbili kaweka, moja kanirudishia mi nimeiweka kaunta hapa dukani na imeshachakaa kwa kushikwa, na moja kaiacha benchi la kliniki. Hiyo ya benchini iliondoka wiki ya kwanza, mtu kaichukua. Hajaitafuta.

Sasa hivi ameanza nyingine, hii anaiandikia kabisa ile ya maneno 2,000 kwenda juu. Ni ya watu wanaosubiri meli gatini usiku kucha, imechelewa, na kuna mmoja kati yao ana jeneza. Ananitumia picha za kaunta buku nne nne akishuka zamu. Inaanza na mtu anauliza bei ya ndizi. Jana nimechapa mpaka ukurasa wa sita, meli bado haijafika.